Alama ishirini na neno moja: picha za kugusa katika mradi wa historia

*"Nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya msingi hapa Mombasa, upande wa Likoni. Darasa lina watoto 48. Tuna projekta moja, vishikwambi kumi (vitatu havikai na chaji), kompyuta ya ofisini na simu yangu. Intaneti ni bando langu mwenyewe. Nataka mradi wa muhula huu uwe historia ya mji wetu, na nimeona walimu wengine wakitumia zile picha ambazo ukigusa mahali panafunguka maelezo au sauti. Nilijaribu moja: picha ya Fort Jesus yenye alama ishirini. Watoto walifurahi, wakagusa zote. Wiki iliyofuata nikawauliza wanakumbuka nini, sikupata zaidi ya neno 'Wareno'. Mwalimu mkuu anasema huo ni mchezo. Je, nilichagua programu mbaya? Ninunue ipi? Au nirudi kwenye kitabu?"*

Mwalimu, nianze na la pesa: usinunue kitu muhula huu. Ulichonacho kinatosha. Programu uliyotumia haina kosa, na mwalimu mkuu naye hajakosea kabisa. Watoto walipewa kazi moja tu, kugusa, na kazi hiyo waliimaliza. Alama ishirini zilifunguka na hakuna hata moja iliyowadai jibu.

Wengi hudhani zana hizi zina ufundi mkubwa ndani. Hazina. Iwe ni ThingLink, Genially au H5P, chini kuna picha moja ya kawaida na juu yake kuna tabaka la nukta, ndizo hizo ulizoziita alama. Kila nukta inashika mambo mawili tu: imekaa wapi kwenye picha, na ikiguswa ifungue nini. Ndiyo maana ukiweka nukta zako kisha ukabadilisha picha kwa nyingine iliyokatwa tofauti, nukta ya mlangoni inahamia baharini. Kata picha kwanza, iwe vile unavyoitaka, ndipo uweke nukta. Na ukishaelewa kwamba jambo lenyewe ni jepesi hivyo, utaona kwamba PowerPoint iliyomo kwenye kompyuta ya ofisini inalifanya bila bando.

Sasa kusahau. Mtoto wa miaka kumi anashika mambo machache kwa wakati mmoja. Kila dirisha linalofunguka hufunika picha, kwa hiyo anaposoma maneno macho yameshaondoka kwenye kitu chenyewe. Akilifunga, anakimbilia la pili kabla la kwanza halijatua. Kufikia alama ya tano hatazami ngome tena. Anahakikisha tu hakuna alama iliyobaki bila kuguswa. Yanayosaidia ni mawili: maneno yakae karibu na kitu kinachosemwa bila kukifunika, na mtoto aamue au akisie jambo kabla ya kufungua. Kwa darasa lako ningeweka nukta nane, basi. Watoto 48 ni makundi manane ya watoto sita, na kila kundi linamiliki nukta moja.

Kuna jaribio rahisi la kupima nukta. Ichukue, isogeze mpaka angani, juu ya paa. Je, imepoteza kitu? "Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593" ni maneno ya kweli, lakini ukiyaweka mawinguni yanabaki na maana ileile. Hiyo ni sentensi ya kitabuni iliyobandikwa juu ya picha. Nukta ya kweli imefungwa na mahali ilipo. Ukiihamisha inakuwa upuuzi.

Chukua mchoro wa ngome ukiitazama kutoka juu, au picha ya setilaiti (acha yale maandishi madogo ya chanzo pembeni, usiyakate, na usirushe droni bila kibali). Weka nukta kwenye buruji mojawapo, yaani zile kona nne zilizotokeza nje. Swali: "Kwa nini kona hii imechongoka na kutokeza, badala ya ukuta kwenda moja kwa moja?" Waache wakisie. Wengine watasema ni urembo, wengine watasema ni umbo la mtu aliyelala, kwa kuwa wamelisikia hilo. Jibu likifunguka: askari aliye juu ya buruji huona ukuta wote mpaka buruji ya pili, hivyo adui akijibanza chini ya ukuta hana pa kujificha. Mtoto aliyekisia "urembo" hasahau tena, kwa sababu alikuwa na dau kwenye jibu.

Nukta ya pili iweke ukutani, kwa karibu kabisa, picha iliyopigwa umbali wa nusu mita. Waulize jiwe hili lilitoka wapi. Ni jiwe la matumbawe. Ngome imesimama juu ya mwamba huohuo na sehemu ya handaki lake imechongwa humo humo. Mtoto wa Likoni analijua jiwe hilo, huenda hata choo cha kwao kimejengwa kwalo.

Nukta ninayoipenda kuliko zote ni ile ya majini, mahali ambapo hakuna cha kuona. "Hapa pana ushahidi gani?" Manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Mzingiro huo ulianza mwaka 1696, ukaisha Desemba 1698 ngome ilipoanguka. Kuanzia mwaka 1977 wapigambizi wa akiolojia waliichimbua meli hiyo chini ya maji, na vitu vilivyotoka humo vinaonyeshwa ndani ya makavazi ya Fort Jesus. Hapo mtoto anajifunza kwamba historia haikai kwenye vinavyoonekana tu, na amejifunza kwa kugusa maji matupu.

Utaona nimesema kundi linamiliki nukta. Kosa kubwa katika jaribio lako ni kwamba wewe ndiye uliyetengeneza, watoto wakatumia. Geuza. Kazi iwe kutengeneza, na sehemu kubwa ya utengenezaji iwe ya karatasi, kwa sababu vishikwambi saba kwa watoto 48 ni ugomvi.

Kwa vipindi vya dakika 35, hesabu vitano. Cha kwanza, chapisha picha moja ya ngome kwa karatasi ya A3, nyeusi na nyeupe inatosha, nakala nane. Dakika kumi za mwanzo hakuna kuandika wala kueleza: watazame, wataje wanavyoona. Ukianza kueleza mapema wataacha kutazama na kuanza kukusikiliza wewe. Kisha kila kundi lizungushe duara mahali pamoja panapowashangaza. Makundi mawili yakichagua mlango, wajadiliane nani apishe. Kipindi cha pili na cha tatu ni vya kadi. Kila kundi lijaze kadi moja yenye mistari mitatu: *tunaona*, *tunajua, na tumejuaje*, *bado tunajiuliza*. Maneno yote yasizidi arubaini. Ule mstari wa kati ndio historia. Mtoto akiandika "ilikuwa jela", muulize amejuaje. Akirudi na jibu la kitabuni, la bango la makavazi au la mzee wa mtaani, aandike chanzo hicho hapohapo. (Ni kweli ilikuwa jela, kuanzia 1895 hadi 1958.) Kipindi cha nne makundi yanapokezana kuingiza kadi kwenye kompyuta na kurekodi sauti, huku wengine wakichora. Cha tano ni maonyesho.

Kadi mbovu zitakuja, zitegemee. Ya kawaida ni ile iliyonakiliwa aya nzima ya kitabu. Usiikatae, wape mkasi, waambie wabakishe maneno yanayohusu tu kile kilicho ndani ya duara lao. Mara nyingi hubaki maneno sita, na sita hayo ni mazuri.

Kwa upande wa kompyuta, ukurasa wa kwanza wa PowerPoint weka picha ijaze ukurasa mzima. Fuatisha kurasa nane, moja kwa kila kundi, na katika kila mmoja weka juu kipande cha picha kilichokatwa kuonyesha mahali pale pale, swali likiwa chini yake. Rudi ukurasa wa kwanza, chora duara dogo kwa "Insert", "Shapes", uliandike namba. Bofya duara kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Link", kisha "Place in This Document", uelekeze kwenye ukurasa wa kundi. Kwenye kila ukurasa wa kundi weka kitufe cha "Rudi" kinachorejesha kwenye picha kubwa. Jibu liweke kwenye ukurasa wake pekee (nao uwe na kitufe cha "Rudi"), nyuma ya kitufe cha pili kilichoandikwa "Tumekisia tayari". Duara lisipungue sentimita moja kwenye kioo, la sivyo kidole cha mtoto kitalikosa. Na tumia namba, usitegemee rangi: wapo watoto wasiopambanua nyekundu na kijani, na hawatakwambia kwa sababu hawajui.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni hiki: mtoto anagusa pembeni ya duara, PowerPoint inadhani anataka ukurasa unaofuata, na ukurasa wa kundi lingine unajifungua wenyewe. Dawa yake iko "Slide Show", "Set Up Slide Show", chagua "Browsed at a kiosk". Ukiweka hivyo, kubofya pembeni hakufanyi kitu. Viungo pekee ndivyo vinavyofanya kazi. Hilo ni kwenye kompyuta. Kwenye kishikwambi hamishia faili kwa kebo au kwa flash, jaribu kwenye kimoja kwanza, gusa kila nukta, uone kama kidole kikiteleza ukurasa unahama. Ukihama, wafundishe kugonga badala ya kuburuza, kisha ndipo unakili kwenye vingine sita. Usinakili kwenye vyote halafu ugundue kosa.

Ukitaka kitu kizuri zaidi, jaribu H5P kupitia programu ya Lumi. Ni ya bure, ukishaipakua inafanya kazi kwenye kompyuta bila mtandao, ina aina ya kazi iitwayo Image Hotspots iliyotengenezwa kwa shughuli hii hasa, na inaweza kukutolea faili moja linalofunguka kwenye kivinjari. Ina nidhamu kuliko PowerPoint, ila utahitaji jioni moja kuizoea. ThingLink na Genially zinapendeza macho, lakini zinaishi mtandaoni, akaunti zake za bure zina mipaka, na siku bando likikata katikati ya kipindi utabaki na watoto 48 na kioo cheupe. Shule yenye mtandao wa uhakika ingeamua vingine. Miwani ya kadibodi na picha za duara zima, zile zinazoonyesha pande zote ukigeuza kichwa, ziache. Katika hali yako ni watoto 47 wanaongoja mmoja amalize.

Uzito wa picha unastahili dakika zako tano. Picha ya simu mara nyingi ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Projekta haiwezi kuonyesha pikseli zote hizo, kwa hiyo zinazozidi ni mzigo mtupu. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1600 hivi na itashuka hadi KB 300 au karibu na hapo. Picha nane za MB 4 ni MB 32 na kishikwambi kikuukuu kitagugumia. Nane za KB 300 hazifiki hata MB 3. Njia ya mkato: jitumie picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itapunguzwa yenyewe. Ukiituma kama dokumenti inabaki nzima, pamoja na taarifa za mahali ilipopigwa. Mzazi mwenye iPhone anaweza kukutumia faili la aina ya HEIC ambalo kompyuta ya ofisini haitalifungua. Mwombe aitume kwa WhatsApp kama picha.

Sauti pia ina mtego wake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauji kama MP3, na PowerPoint inaweza kuukataa. Rekodi moja kwa moja kwa kinasa sauti cha simu, sekunde thelathini, mahali pasipo na feni. Sekunde thelathini za MP3 ya wastani ni kama KB 240 hadi 480. Sauti ya bibi akieleza feri ya Likoni ilivyokuwa zamani ni hazina, mradi aulizwe swali la kitu kimoja kilicho kwenye picha. "Bibi, tueleze ya kale" italeta dakika arubaini na huna pa kuziweka.

Kisheria, mambo matatu. Watoto wasifungue akaunti zao. Huduma nyingi za namna hii haziruhusu walio chini ya miaka 13, kwa hiyo akaunti ikihitajika iwe moja, yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura na sauti yake ni taarifa zake. Fomu fupi ya Kiswahili iende nyumbani kabla ya kipindi cha nne, na asiyerudisha anaweza kuandika maneno yasomwe na mwenzake. La tatu, picha iliyotokea kwenye Google si ya bure kwa sababu tu imetokea. Piga zako, au chukua Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni, na uandike jina la mpigaji na leseni pale chini. Ndani ya makavazi, uliza mapokezi utaratibu wa kupiga picha za mradi wa shule.

Sasa upande ambao wauzaji wa programu hawausemi. Picha ya kugusa ni nzuri kwa *mahali*: kipi kiko wapi, sehemu gani inafanya nini. Kwa *mfuatano* ni mbovu, kwa sababu nukta zote zinakaa pamoja, na mtoto anaondoka akidhani Wareno, Waomani na Waingereza walikuwa ngomeni kwa zamu za asubuhi na jioni. Basi tandaza ukutani utepe wa karatasi, sentimita moja kwa kila miaka kumi. Anzia 1331, mwaka Ibn Battuta alipofika Mombasa na kuukuta mji wenye misikiti, ishia 2011, ngome ilipoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Utepe wote ni sentimita 68. Ujenzi wa awali wa ngome, 1593 hadi 1596, ni milimita tatu. Jela ni sentimita sita na ushei. Wape rula wapime wenyewe, na waone ni sentimita ngapi za mji zilizotangulia Vasco da Gama, aliyefika 1498. Hapo lile jibu la "Wareno ndio walioanzisha Mombasa" hufa bila wewe kusema neno.

Tena kuna upendeleo uliojificha. Zana inadai picha, na picha zipo kwa mambo ambayo mtu aliyataka yachorwe au yapigwe, mara nyingi mgeni. Kuna mchoro wa Mombasa katika kitabu cha miji cha Braun na Hogenberg kilichochapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 1572. Hauna tatizo la hakimiliki tena. Uonyeshe, uulize: "Ngome iko wapi?" Wataitafuta dakika nzima. Haipo, kwa sababu ilikuwa bado miaka 21 ianze kujengwa. Halafu uliza aliyeuchonga alikuwa akiishi wapi, na je, unaweza kuuamini mchoro kwa kila nyumba iliyomo. Picha ya zamani ni shahidi wa kuhojiwa, si dirisha la kuchungulia.

Mahali pengine usiende peke yako. Ukichagua Kengeleni, pale kwenye kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, utakuwa na somo zito na zuri, lakini usiwaulize watoto ukoo wa nani ulikuwa mtumwa na wa nani uliuza. Hilo linaweza kuumiza nyumba za watu mpaka leo. Zungumza kwanza ana kwa ana na ofisa wa elimu wa makavazi pale ngomeni, au na mzee wa eneo anayeaminika pande zote. Ofisa huyo huyo ni wa kumwona ikiwa vyanzo vyako viwili vinapingana kuhusu tarehe. Na ukiwa na mtoto asiyeona vizuri, au asiyesikia, usitegemee kwamba sauti au maandishi yatatatua yenyewe. Muone mwalimu wa elimu maalumu kabla ya kugawa makundi.

Kwa mwalimu mkuu, usibishane. Mwalike wiki moja baada ya maonyesho. Zima projekta, gawa ile picha ya A3 ikiwa tupu, bila nukta, na kila mtoto aweke mwenyewe duara nne, aandike pembeni ya kila moja tunajua nini na tumejuaje. Kama wengi watarudi na "Wareno" tu, yeye ndiye mwenye haki na uniandikie tena tuone ni kadi zipi zilizolegea.

Ile picha yako ya kwanza yenye alama ishirini usiifute. Ifanye kuwa kazi ya kipindi kimoja: watoto wachague nane za kubakisha, na kwa kila wanayoiondoa waseme kwa nini ingeweza kukaa angani.